Magofu ya Tanuf na maana ya ufashisti

Karibu na mji wa Nizwa nchini Oman, chini ya Jebel Akhdar, zimesimama kuta za udongo zisizo na paa. Hiyo ni Tanuf ya kale, ngome ya Sheikh Suleiman bin Himyar wa kabila la Bani Riyam. Ilibomolewa kwa mabomu ya ndege za Uingereza katika miaka ya 1950, Sultan Said bin Taimur alipokuwa akipambana na wafuasi wa Imam Ghalib bin Ali. Vita hivyo vilimalizika Januari 1959.

Je, utawala wa Sultan huyo ulikuwa wa kifashisti?

Ufashisti ulizaliwa Italia, ambako Benito Mussolini alishika madaraka mwaka 1922. Adolf Hitler alifuata Ujerumani mwaka 1933. Wote wawili walitumia hasira za wananchi walioumizwa na vita na uchumi uliovurugika. Alama zake zinafahamika: chama kimoja, kiongozi asiyekosolewa, vijana waliovishwa sare, polisi wa siri na adui wa ndani anayebebeshwa kila lawama. Dola ya namna hiyo hairidhiki na utii. Hudai pia kushangiliwa.

Said bin Taimur alitaka kinyume chake, yaani ukimya. Hakuwa na chama wala itikadi. Malango ya Muscat yalifungwa usiku, na hadi alipopinduliwa na mwanawe Qaboos mwaka 1970, shule za serikali zilihesabika kwa vidole. Huo ulikuwa udikteta wa kifalme.

Waomani waliokimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 walikuwa wameonja sura nyingine. Huko chama cha Afro-Shirazi kilibaki peke yake, na idara ya usalama ilisaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Itikadi yake ilikuwa ya usawa, si ya kifashisti. Lakini hofu ya kunong'ona nyumbani ilifanana na ya kwingineko.

Kutofautisha majina hakupunguzi machungu ya mtu. Tanuf haikubomolewa na mafashisti, bali na ndege za nchi yenye bunge, iliyokuwa imemshinda Hitler mwaka 1945. Anayesubiri kuona sare na gwaride ndipo aitambue dhuluma, huenda akachelewa.