Fizikia ya Mpemba

Kuna kauli inayozunguka huku kwetu, kuanzia Manda ufukweni mwa Ziwa Nyasa hadi stendi ya Makambako: fizikia ni ya Wazungu. Mzazi huisema akimshauri mwanawe ahamie mchepuo wa sanaa. Mwanafunzi huisema akipokea karatasi yenye F. Kibaya zaidi, wapo walimu wanaoisema wakiwa wameshika chaki. Kauli hiyo ni uongo, na hakuna meli iliyotuletea. Tunaupika wenyewe darasani, kwa kicheko.

Ushahidi hauko mbali. Hadi 2012, kabla ya kuzaliwa mkoa wa Njombe, wilaya yote ya Ludewa na Manda yake ilikuwa mkoa wa Iringa. Na ni pale Iringa mjini, shule ya sekondari ya Mkwawa, ambapo kijana wa Kitanganyika aitwaye Erasto Mpemba alichekwa na darasa zima kwa sababu ya swali ambalo leo lina jina lake katika maabara za dunia.

Kisa kilianzia Lushoto mwaka 1963. Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, na wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake akaweka maziwa yasiyochemshwa kabisa. Mpemba naye, akihofia kukosa nafasi, akayaweka yake yangali moto. Baada ya kama saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani.

Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye aliuliza wauza aiskrimu wa Tanga mjini, akasikia kwamba wapo wanaoweka mchanganyiko wa moto makusudi ili ugande upesi. Watu wa mtaani walikuwa na jambo ambalo mwalimu hakuwa nalo. Alipofika Mkwawa, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Tangu hapo kila alipokosea hesabu wenzake walikuwa na utani tayari: hesabu ya Mpemba hiyo! Akaingia maabara ya biolojia, akachukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akajaribu mwenyewe.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo vinavyofanana, kwenye friji moja, mbona ya moto yanatangulia kuganda? Wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba kweli ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kuwa watarudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Huyo fundi namwona kila ninapoingia darasani kwetu: ameona kwa macho yake, lakini bado anaamini kitabu.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala katika jarida la Physics Education la Uingereza. Hapo ndipo wabishi wanaponiambia kwamba kijana alibahatisha tu, kazi aliifanya Mzungu. Basi wasome majina: Mpemba ndiye wa kwanza. Wakumbuke pia kwamba kabla hajakutana na Osborne alikwisha kuona, kuulizia na kupima kwa mikono yake. Aristotle na Francis Bacon waliligusia jambo hilo karne nyingi kabla yake, ila fizikia ya kisasa ilikuwa imelitupa. Aliyeliokota ni huyo wa Magamba.

Wengine, waliosoma zaidi, hunirushia jiwe jingine: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima maji kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Ni kweli. Tena sababu bado zinabishaniwa: mvuke unaopunguza maji, hewa inayotoka wakati wa kuchemka, mzunguko wa maji ndani ya chombo, barafu inayoyeyuka chini ya chombo cha moto. Lakini mwaka 2020, huko Canada, watafiti walionyesha tabia hiyo kwa chembe ndogo inayosukumwa na leza ndani ya maji, na sasa wanaifuatilia hata katika mifumo ya kwanta. Swali linalowasumbua mabingwa baada ya nusu karne, utaliitaje la kubahatisha? Kubishiwa ndiko kupokewa katika fizikia. Newton mwenyewe alibishiwa.

Mpemba hakuwa peke yake miongoni mwa wasio Wazungu. C. V. Raman, Mhindi aliyewahi kuwa mhasibu wa serikali, alipata Nobeli mwaka 1930 kwa kazi aliyoifanya Calcutta kwa vifaa vya bei ndogo. Abdus Salam wa Pakistan aliipata mwaka 1979, na tangu 1964 alikuwa amekwisha kufungua kituo huko Trieste, Italia, ili wanafizikia wa nchi maskini wapate pa kukutania. Mitihani yetu inadai kanuni. Majina ya watu hawa haiyadai, na mwanafunzi wetu humaliza shule akidhani kanuni zote zilizaliwa Ulaya.

Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia wa kulipwa. Alisoma chuo cha Mweka, akatumikia wanyamapori. Ni kazi ya heshima, nami sina la kulaumu hapo. Lawama yangu iko kwa kidato cha tatu, darasa lile lile alimouliza swali lake, kwa kuwa hapo ndipo mtoto wetu anaporuhusiwa kuiacha fizikia, na sisi tunamsukuma aiache kwa kisingizio kwamba shule haina maabara. Vifaa vya Mpemba vilikuwa maziwa na friza.

Mkwawa leo ni chuo kikuu kishiriki kinachofundisha walimu, wa fizikia wakiwemo. Kwa hiyo nasema nanyi mliotoka huko na kupangiwa Ludewa, Njombe na Makambako. Tafuteni vyombo viwili vinavyofanana, muombe nafasi kwenye friza ya muuza soda, muwaache watoto wapime. Atakayeleta jibu lisilolingana na kitabu msimcheke. Mwambieni arudie mbele ya wenzake, kisha mwandike matokeo yake ubaoni, na jina lake juu.