Neno la Mhariri: Tarikhi kwa Idhini ya Dola

Toleo hili tumeliweka wakfu kwa senema za tarikhi, yaani zile picha ambazo mtungaji wake huzichukua zama zilizokwisha kupita, akazipa nguo, sauti na nyuso za waigizaji, kisha akatuketisha gizani tuzitazame kana kwamba ndiyo kwanza zinatokea. Na kwa kuwa makala nyingi zilizomo humu zinahusu Urusi, nchi iliyoipenda senema ya namna hiyo na kuiogopa kwa wakati mmoja, huenda msomaji wa Mpanda akauliza, na ana haki ya kuuliza, mambo ya watawala wa Moscow yanamhusu nini mtu anayekaa Misunkumilo, ambaye senema aghlabu huitazama katika kibanda umiza, juu ya benchi la mbao, huku msimulizi akimfasiria kwa Kiswahili maneno ya majenerali wa Kichina na makomando wa Kimarekani. Jawabu letu ni kwamba yanamhusu sana, na pengine yanamhusu zaidi kuliko yanavyomhusu Mrusi wa leo, ambaye picha zake zilizofichwa angalau zilikuwapo za kufichwa.

Usiku wa tarehe 25 Februari 1947 mwongozaji Sergei Eisenstein na mwigizaji wake Nikolai Cherkasov waliitwa Kremlin, mbele ya Stalin, Molotov na Zhdanov, ili waelezwe taksiri za sehemu ya pili ya senema yao juu ya Ivan wa Nne, mfalme wa karne ya 16 ambaye dunia humjua kwa lakabu ya Ivan wa Kutisha. Sehemu ya kwanza ilikuwa imepewa Tuzo ya Stalin mwaka 1946. Ya pili ilipigwa marufuku mwaka huo huo. Mazungumzo ya usiku ule yaliandikwa, nasi twajua kwamba mtawala wa dola iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka katika vita vilivyoua watu wake kwa mamilioni alikaa akilalamika kwamba busu la Ivan kwa mkewe limechukua muda kupita kiasi, kwamba askari wake wanafanana na Ku Klux Klan, na kwamba mfalme mwenyewe ameonyeshwa kuwa mtu wa kusitasita mithili ya Hamlet, ilhali, kwa kauli ya Stalin, kosa la Ivan lilikuwa ni kutowamaliza kabisa makabaila wakubwa waliosalia. Hakuna anayeyapima maneno hayo asione kwamba aliyekuwa akiteta habari za karne ya 16 alikuwa akijitetea nafsi yake. Eisenstein aliahidi kurekebisha, walakini maradhi ya moyo yalimtangulia: alifariki tarehe 11 Februari 1948, akiwa na umri wa miaka 50, na picha ile haikuonyeshwa hadharani mpaka mwaka 1958, Stalin mwenyewe akiwa kaburini.

Basi ilionyeshwa. Hilo ndilo tunaloomba msomaji alishike. Andrei Tarkovsky alimaliza picha yake juu ya mchoraji Andrei Rublev mwaka 1966, ikangojeshwa hadi 1971. Aleksandr Askoldov alimaliza “Komissar”, kisa cha mwanamke askari na familia ya Kiyahudi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1967, ikafungiwa miaka 20. Zote mbili zilitoka kabatini, na leo mtu akitaka atazitazama. Lakini Askoldov alifukuzwa katika chama na kuzuiliwa kazi ya senema, naye hakupiga picha nyingine mpaka alipofariki mwaka 2018. Na zile ambazo angalizipiga katika nusu karne hiyo, hizo hakuna tume wala mageuzi yawezayo kuzitoa kabatini, maana hazikuingia. Twadhani madhara makubwa ya udhibiti wa tarikhi yako hapo: katika picha ambayo haikupigwa, na katika ile iliyopata idhini ikabaki peke yake uwanjani, bila ya mwenzake wa kuisahihisha, hata wajukuu wakaiamini kwa kukosa nyingine.

Na sisi Watanganyika, tarikhi yetu ilianza kupigwa senema na nani, na kwa idhini ya nani?

Mwaka 1941, Wajerumani walipokuwa wameshika nusu ya Ulaya, ilionyeshwa kwao senema kubwa iitwayo “Carl Peters”, iliyoongozwa na Herbert Selpin, na Hans Albers, nyota aliyependwa kuliko wote katika nchi ile, akiwa Peters. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa Peters ni nani. Ndiye aliyekuja mwishoni mwa mwaka 1884 akapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za masultani juu ya karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Ndiye ambaye huko Kilimanjaro aliamuru wanyongwe mtumishi wake Mabruk na mwanamke Jagodja, na ambaye serikali yake yenyewe, isiyosifika kwa huruma, ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa fedheha ya mambo hayo. Hitler alimrudishia heshima mwaka 1937. Na miaka minne baadaye senema ikaikamilisha kazi, ikamfanya Peters kuwa shahidi aliyeponzwa na wabunge wa Berlin na hila za Waingereza. Sheria ya senema ya Wanazi ya mwaka 1934 ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba mswada ukaguliwe kabla kamera haijawashwa, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mkasi: uongo ulipikwa ukaiva jikoni.

Katika picha ile yumo mtu mmoja ambaye kila Mswahili yampasa kumjua. Ramasan, Mwafrika anayemtumikia Peters kwa uaminifu, aliigizwa na Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, aliyeingia jeshini pamoja na baba yake katika Vita vya Kwanza angali mtoto, akajeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alikuwa Berlin akidai mshahara wake na wa baba yake uliokuwa haujalipwa. Alijibiwa kwamba muda wa kudai umekwisha kupita. Akabaki huko, akawa mhudumu katika jumba la starehe, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa, na akacheza katika senema zaidi ya 20, takriban daima akiwa mtumishi, mpagazi au askari mtiifu, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine iliyoruhusiwa kwa mtu mweusi. “Carl Peters” ilikuwa ya mwisho. Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya mahusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen bila ya kuhukumiwa, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Mtu huyu, mwenye habari za vita vya Afrika Mashariki katika mwili wake mwenyewe, aliwekwa mbele ya kamera asimulie tarikhi ya nchi yake, na neno alilopewa kulisema likawa ni kumsifu aliyeinyang’anya. Selpin naye hakusalimika: mwaka 1942, akiwa katika kazi ya senema ya meli ya Titanic, alilaumu maofisa wa jeshi la wanamaji, akatiwa ndani, akakutwa amekufa katika chumba cha gereza. Dola ya namna hiyo haimbakishi hata anayeitumikia.

Waingereza hawakuua watu kwa ajili ya senema, na insafu inatutaka tuseme hivyo waziwazi. Lakini nao walijua kazi yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa senema za mafunzo kwa Waafrika ulifanya kazi Vugiri, katika milima ya Usambara, ukatoa picha 35 za kuwafundisha watu usafi, kilimo na kuweka akiba posta. Iliyo karibu nasi zaidi ni “Men of Two Worlds” ya Thorold Dickinson, iliyotoka mwaka 1946, iliyoanza kwa shauri la serikali ya Uingereza yenyewe, ikapigwa kwa kiasi katika Tanganyika na sehemu yake kubwa katika studio za Denham. Kisa chake: Kisenga, mwanamuziki aliyeishi London miaka mingi, anarudi nyumbani kumsaidia Bwana Shauri awashawishi watu wa kijiji wahame, kwa sababu mbung’o wanakuja na ugonjwa wa malale, na anayewazuia ni mganga, mtu wa giza na vitisho.

Sasa na tuiweke picha hiyo mbele ya mzee yeyote wa Kikonongo au wa Kibende. Malale yalikuwa ya kweli, na yaliua, hilo hatulipingi. Ila kuhamishwa kwa watu wa magharibi mwa Tanganyika tangu miaka ya 1920, wakusanywe katika makazi mapya na mapori ya wazee wao yaachiwe wanyama, kulikuwa na mengi kuliko ugonjwa: kulikuwa na makaburi yaliyoachwa, mizinga ya asali iliyobaki juu ya miti katika misitu ambayo kuingia kwake baadaye kulihitaji ruhusa, machifu waliopoteza nchi, na watu waliorudi kwa siri wakakamatwa. Aliyekataa kuhama aghlabu alikuwa na hoja. Katika senema amepewa hirizi na macho ya kutisha, na hoja hakupewa.

Uhuru ulikuja, na mwaka 1968 ikaanzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania, hatua ambayo kwa nchi maskini ilikuwa ya ujasiri na ya kustahili pongezi. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni “Fimbo ya Mnyonge”, ya miaka ya 1970, iliyouonyesha ujamaa wa vijijini kuwa ndio wokovu wa maskini. Miaka ileile nchi nzima ilikuwa katika Operesheni Vijiji, na watu walihamishwa tena, Mpanda ikiwamo, wengine kwa hiari na wengine kwa malori. Hatusemi serikali mbili hizo ni moja. Aliyetawala kwa nguvu za bunduki na aliyeamini kwamba anawakomboa ndugu zake hawalingani. Twasema tu kwamba kuhama kulipigwa senema na serikali ya kikoloni, nao ujamaa wa vijijini ukapigwa na serikali yetu, na mara zote mbili msimulizi alikuwa dola. Mwaka 1976 ikatungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ambayo, licha ya marekebisho yake, inashikilia kwamba mtu asipige filamu ila kwa kibali, na kibali kiombwe kwa kuonyesha kwanza ni kitu gani kitapigwa.

Dola ina haki ya kuwakinga watoto na ufuska, na hatuoni aibu kuitetea haki hiyo. Lakini mswada wa senema juu ya kuhamishwa kwa miaka ya 1920, au Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, au Operesheni Vijiji ya 1974, unapowekwa mezani pa mtumishi wa serikali, mtumishi huyo anaulizwa swali ambalo si lake. Yeye anapima kama picha italeta fitina leo. Tarikhi inauliza kama jambo lilitokea. Naye mtungaji, akijua mapema mswada wake utapita wapi, hujikata mwenyewe nyumbani, usiku, bila ya kuagizwa na mtu, na kwa mkono mwepesi kuliko wa mkaguzi yeyote. Hiyo ndiyo sababu ya sisi kusimama bila kusita upande wa wale wanaotaka miswada ya tarikhi isihitaji idhini ya awali, na anayeona picha imemsingizia aende mahakamani kama anavyokwenda anayesingiziwa gazetini.

Zanzibar ni ushahidi tosha wa gharama ya kukaa kimya. Picha za Januari 1964 zilizoenea duniani zilipigwa na Waitaliano kutoka angani, zikatiwa katika “Africa Addio” ya mwaka 1966, senema iliyojaa dharau kwa Mwafrika. Na kwa miongo mingi mgeni aliyetaka kuyaona Mapinduzi alionyeshwa hiyo. Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi, “Vuta N’kuvute”, kuwa senema, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, tuliona Unguja ya miaka ya 1950 ikisema kwa Kiswahili chake, mapenzi na siasa vikiwa pamoja kama vilivyokuwa. Na furaha tuliyoipata ilichanganyika na uchungu wa kukumbuka tumeingoja muda gani.

Hapa Mpanda tuna mambo ya kupigwa picha ambayo hayajaguswa na mtu. Yapo makazi ya malale, ambayo walioyakumbuka wamebaki wachache mno. Upo mgodi wa risasi wa Uruwira, uliofanya reli iletwe kutoka Kaliua na kisha ukafungwa mwaka 1960. Ipo Katumba, ambako Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walifyeka pori wakalima, na ambako wengi wao ni miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Kijana wa Misunkumilo mwenye simu yenye kamera anacho chombo ambacho Eisenstein angalikitamani, na kumrekodi babu yake barazani si kutengeneza senema ya biashara. Basi tunawaomba wasomaji: nendeni kwa wazee hao mwaka huu, mkawarekodi wakisema kwa lugha wanayoiweza, na mwandike jina la kijiji walichohamishwa, mwaka, na aliyewaamuru. Kumbukumbu zitakazotufikia tutazichapa katika matoleo yajayo kama zilivyosemwa.