Beni: Mtoto aliyekimbia vita anaombwa buletini gani?

Mtoto amekimbia usiku, nyumba yao ikiwaka moto. Anafika kwenye sekondari mjini Beni ao Oicha, na swali la kwanza ni: buletini iko wapi? Imeungua, bwana prefe! Akikubaliwa, baada ya wiki chache anafukuzwa kwa sababu ya minervali. Elimu ya bure iliyoanza 2019 inaishia shule ya msingi. Sekondari mzazi analipa, hata yule aliyeacha shamba lake la kakao akikimbia ADF. Halafu kwenye mkutano wa wazazi wakubwa wa shule wanasema watoto wote ni sawa. Sawa namna gani, mmoja anaandika ndani, mwingine anachungulia dirishani? Apewe jaribio la hesabu na Kifaransa, aingie darasa linalomfaa. Deni wazungumze na mzazi, si na mtoto mbele ya wenzake.