Nywele Zitaota Tena

Sisi wauguzi tunasikitika mama anapokatisha dawa za saratani kwa kuona aibu ya upara. Dawa hizo hushambulia chembe zinazokua upesi: za saratani, na za mashina ya nywele pia. Si dawa zote zinazong'oa nywele. Zile zinazong'oa, nywele huanza kutoka wiki 2 au 3 baada ya dripu ya kwanza. Hiyo si dalili ya UKIMWI, wala si kurogwa.

Mapema, zikateni ziwe fupi. Kilemba cha khanga ya pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi kinafaa sana: ni laini na hakiwashi. Nailoni huteleza na kuleta joto. Anayependa wigi, atangulize kitambaa cha pamba ndani. Baba naye apewe kofia, kwani jua huunguza kichwa kitupu.

Kwa maoni yetu, mgonjwa mwenyewe ndiye achague kufunika au kutofunika. Familia isimfiche chumbani, na majirani wasimwulize amefiwa na nani. Matibabu yakiisha, nywele huota tena baada ya miezi michache. Dozi iliyoachwa njiani huipa saratani nafasi.