Senema na Deni la Ushahidi

Msafiri afikaye Eldoret leo huona mji wenye neema: malori ya mahindi, wakimbiaji wa alfajiri, maduka yaliyojaa. Sokoni hapana kitakachomwambia yaliyotokea Kiambaa, kando ya mji huo, tarehe 1 Januari 2008. Fitina ya uchaguzi ilipowaka, kanisa lilitiwa moto huku ndani mkiwa na watu waliokimbilia hifadhi, wengi wao wanawake na watoto. Walikufa watu 30 hivi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Ushahidi! Neno hilo ndilo linikumbushalo kazi ya Bibi Judy Kibinge. Aliacha kazi ya matangazo ya biashara akaingia katika senema bila ya kuajiriwa na kituo chochote. Fitina ya 2008 aliishughulikia katika filamu ya kweli, *Peace Wanted Alive*, kisha katika hadithi ya kutunga, *Something Necessary*.

Lakini kazi yake nzito, kwa maoni yangu, ni *Scarred* ya mwaka 2015, ihusuyo Wagalla, Wajir. Februari 1984 askari waliwakusanya wanaume wa Degodia katika kiwanja cha ndege, wakawaweka juani siku kadhaa bila ya maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja maiti 57. Walionusurika husema waliokufa ni mamia kwa mamia, hata kupita elfu. Hao ni Waislamu wenzetu, na Pwani habari zao zilitufikia kwa minong'ono tu. Bibi Kibinge aliwaketisha wazee na wajane mbele ya kamera, akawaacha waseme.

Tulifundishwa chuoni kwamba deni huandikwa na kushuhudiwa, na kwamba kuficha ushahidi ni dhambi ya moyo. Ikiwa fedha zahitaji kalamu na mashahidi, sembuse damu?

Ni kweli, filamu si hukumu, wala haimfungi mtu. Tena mkono mtupu haulambwi: fedha nyingi za kazi hizi hutoka ng'ambo. Bibi Kibinge aliliona hilo, akaanzisha Docubox, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji filamu za kweli wa Afrika Mashariki. Hata hivyo ni aibu yetu kwamba matajiri wetu hufadhili arusi za siku saba, na kumbukumbu za wafu wetu tukawaachia wageni.

Wazee wa Wagalla walingoja miaka 31. Walionusurika Kiambaa nao umri unakwenda. Na huku Pwani wako kina mama ambao wana wao walichukuliwa usiku na hawakurudi. Ni nani atakayeketi nao, awasikilize, kabla udongo haujawafunika pamoja na maneno yao?