Mtoto amepotea: tangazo la simu liseme nini?

Mtoto asipoonekana, siku hizi mzazi wa Ihanda hushika simu hata kabla hajamaliza kuzunguka kwa majirani. Si vibaya. Ujumbe wa kundi la ukoo hufika Kayanga, Omurushaka na Bukoba kwa dakika chache. Shida ni pale ujumbe wenyewe unapokuwa hivi:

"Jamani tusaidieni, mtoto wetu haonekani tangu jana jioni. Hapa tumechanganyikiwa, mama yake hali wala halali. Ukimwona tupigie."

Uchungu upo, lakini mtoto hayumo. Anayeusoma Mwanza siku tatu baadaye hajui "jana" ni lini, "hapa" ni wapi, wala ampigie nani. Ujumbe ukishasambazwa, namba ya aliyeuandika haionekani tena. Kwa hiyo kila kinachohitajika kiwe ndani yake, kwa mfano:

"ANATAFUTWA: mtoto wa kiume, miaka 7. Ameonekana mara ya mwisho Ihanda, wilaya ya Karagwe, Jumanne 4 Machi 2025, saa 10 jioni, akitoka shule. Amevaa sweta ya bluu na kaptula ya kaki. Anaongea Kinyambo na Kiswahili. Ukimwona, kaa naye, kisha piga simu kwa baba au mama."

Chini yake ziwekwe namba mbili, maana simu moja ikiisha chaji, tangazo limekufa. Jina la wilaya lisisahaulike: Ihanda inajulikana Karagwe, lakini dereva wa lori aliyeko mbali huenda hajawahi kuisikia. Picha iwe ya karibuni na uso uonekane. Maneno yaandikwe pamoja na picha, yasitumwe kama ujumbe wa pili, kwa sababu watu watasambaza picha peke yake.

Yapo pia ya kuacha. Mzazi asiandike "ametekwa" kama hajui, wala asitaje jina la jirani anayemshuku. Mtu asiye na kosa anaweza kupigwa kwa sababu ya mstari mmoja, na kusambaza taarifa unayojua ni ya uongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Tangazo halichukui nafasi ya mwenyekiti wa kitongoji wala polisi. Hao waambiwe mara moja. Pia ipo namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116.

Mtoto akipatikana, kazi moja inabaki, na wengi huisahau: kufuta tangazo, kisha kuandika kule kule kote, "Amepatikana, asanteni," pamoja na tarehe. Bila hivyo picha yake itaendelea kuzunguka kwa miezi, na watu wakizoea matangazo yaliyopitwa na wakati, tangazo la mtoto mwingine aliyepotea kweli watalipita bila kulisoma.