Tuwape watoto vitabu vya kuchekesha



Wazazi tunalalamika kuwa watoto hawasomi, ilhali vitabu tunavyowanunulia ni vya mitihani tu. Tujaribu Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015. Lewis Carroll alichapisha hadithi hiyo mwaka 1865 na haijachuja hata kidogo. Sungura mwenye kizibao na saa anakimbia akilia kwamba amechelewa. Msichana anamfuata shimoni, na baadaye anajikuta kwenye mchezo wa malkia ambapo magongo ni heroe walio hai na mipira ni kalunguyeye waliojikunja! Malkia mwenyewe kila akikasirika huamuru mtu akatwe kichwa. Mtoto akishacheka hivyo, ukurasa unaofuata ataufungua bila kusukumwa.

Kisha mpeni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Kicheko humo ni haba, lakini safari za baharini, majini, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa husuda yao vinatosha kumnyima kijana usingizi. Kiswahili chake kizito kidogo, hivyo sura za mwanzo msomeeni kwa sauti.

Nanyi walimu wakuu, tafadhali vitoeni vitabu vya hadithi kwenye makabati yenye kufuli.

Mzazi, Tanga